Shule inapeleka watoto wa chekechea Mikumi kwa Coaster, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mngeruhusu?

#1 Mama Pacha wa Goba
Habari wakuu. Nina mapacha wako awali, wametimiza miaka mitano juzijuzi. Shule imetuma tangazo kwenye grupu la wazazi kwamba Jumamosi ya wiki ijayo kuna ziara ya Mikumi kwa awali na darasa la kwanza wote. Kuondoka saa kumi alfajiri, kurudi saa nne usiku, Coaster mbili. Sasa kilichonitoa jasho ni hiki, wameandika "wanafunzi wa awali watakaa watatu kwenye siti ya watu wawili kwa kuwa miili yao ni midogo". Nikauliza kama kuna mikanda nikajibiwa dereva wetu ni mzoefu mama usijali. Mimi nimeuliza mkanda wao wananijibu dereva.

Naomba wanaojua magari na wanaojua watoto wanisaidie. Kubanana watatu kwenye siti mbili kuna hatari gani hasa, au nimepaniki tu? Na kama nikiwazuia wangu, Jumatatu wenzao wanasimulia tembo na hawa wanalia, naelewa hilo pia linaumiza.

#2 Kiazi Kitamu
Waache watoto waende mama. Sisi tulienda UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, juu ya lori la mizigo, tumeshikilia kamba, mvua inatupiga, tukarudi na kombe. Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai

#3 Nesi wa Zamu
Kiazi wewe umefika salama ndo maana upo humu unaandika. Wale ambao hawakufika hawana akaunti.

Mama Pacha hujapaniki. Nafanya kazi chumba cha dharura na nitakwambia kitu kimoja tu kwa leo maana niko zamu: mtoto mdogo kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili na shingo bado laini. Gari likifunga breki ghafla kinachotangulia ni kichwa, kinaenda kwenye chuma cha siti ya mbele. Hapo hatujafika kwenye kupinduka, ni breki ya kawaida tu ya kumkwepa bodaboda. Tunaletewa meno, tunaletewa paji la uso limepasuka, na mzazi anasema "lakini gari halikugonga kitu".

#4 Bwana Tarakilishi
Watu wamesahau Karatu mapema sana. Tarehe 6 Mei 2017, Coaster ya shule ya Arusha, watoto 32 wa darasa la saba, walimu wawili na dereva, walikufa wote siku moja. Na wala haikuwa ziara ya kutalii, walikuwa wanaenda kufanya mtihani wa kujipima na shule nyingine.

#5 Sinya wa Mbulumbulu
Bwana Tarakilishi haikuwa Coaster, ilikuwa Mitsubishi Rosa. Mimi ni wa huku Karatu, ilikuwa asubuhi na mvua imenyesha, pale Rhotia kuna mteremko na mto chini. Kuna watoto watatu tu walitoka wazima, wakapelekwa Marekani, Sioux City kule jimbo la Iowa, wakatibiwa wakarudi Agosti mwaka huo huo. Huku hatujasahau. Basi la watoto likipita ule mteremko watu wazima wanasimama pembeni wanaliangalia mpaka lipande upande wa pili.

#6 Mzee wa Gia
Salaam. Nimeendesha mabasi ya mkoani mpaka nimestaafu naomba niseme ya kwangu. Mnaongelea mikanda na siti lakini hapo kwenye tangazo kitu kibaya kuliko vyote ni saa. Kuondoka saa kumi maana yake dereva ameamka saa nane usiku au hajalala kabisa maana Ijumaa hiyo hiyo jioni alikuwa anarudisha watoto majumbani, anaendesha mpaka Mikumi ni kama masaa matano kukiwa kuzuri, foleni ya Kimara na malori ya Chalinze hujahesabu, akifika hapumziki kwa sababu Coaster hiyo hiyo ndo inazungushwa mbugani, saa tisa mchana anageuza na hapo jua limempiga tumbo limeshiba ubwabwa, yani ule muda wa usingizi kabisa, halafu giza linamkutia Morogoro anaanza kupambana na taa za malori. Huyo awe mzoefu awe nani, atasinzia. Usingizi wa dereva hauji kama wa kitandani, anakuwa macho yako wazi na haoni. Mikumi ile barabara inapita katikati ya hifadhi kama kilometa 50, kuna matuta, kuna wanyama wanavuka, ukigonga nyati usiku na Coaster imejaa hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo mimi dawa ni moja, walale huko au waende karibu.

#7 Fundi Dula Gerezani
Mzee wa Gia heshima yako, ila kwa upande wa mikanda naomba niingie. Coaster nyingi zinazotoka Japani zinakuja na mikanda. Shida zikifika huku mtu anavisha kava, mkanda unabaki chini ya kava na buckle imezama kwenye povu huko. Mama Pacha, siku ukienda shule omba kuliona gari, ingiza mkono katikati ya kalio la siti na mgongo, mara nyingi utauvuta mkanda umejaa vumbi na maganda ya karanga.

Shida ya pili ndo kubwa. Kuna Coaster zimeng'olewa siti za kiwandani zikapangwa upya zipakie zaidi, siti mpya zimechomelewa kwenye bati la sakafu au zimefungwa bolt mbili badala ya nne. Hapo hata ukimfunga mtoto mkanda siti nzima inang'oka na mtoto wake. Angalia miguu ya siti, kama unaona weldi mbichimbichi na rangi imepakwa juu, shusha watoto. Na zile siti za kukunja za katikati ya njia, hizo ndo zinaziba watu wasitoke.

#8 Jirani wa Minneapolis
Samahani wakuu nitaenda kinyume kidogo. Huku Marekani yale mabasi makubwa ya njano ya shule mengi hayana mikanda kabisa, ni majimbo machache tu kama California yanayolazimisha. Na watoto wangu wanayapanda kila siku na yanahesabika ni salama kuliko gari la nyumbani. Kwa hiyo mkanda sio kila kitu

#9 Kiazi Kitamu
AHAAA! Nesi umeona? Marekani kwenyewe hakuna mikanda. Nangoja majibu nikiwa nimekunja nne

#10 Bwana Tarakilishi
Kiazi usishangilie mapema. Yale mabasi siti zake zimejengwa kwa ajili hiyo, migongo ni mirefu, ina povu nene mbele na nyuma, na zimekaribiana makusudi ili mtoto akirushwa aangukie kwenye povu la siti ya mbele ndani ya kile kinafasi kidogo. Halafu basi lenyewe ni zito na limeinuka. Na huko huko, basi dogo la shule, lile la chini ya kama tani nne na nusu, lazima liwe na mikanda. Hiace iko kundi hilo la udogo, na Coaster iko karibu nalo kuliko yale makubwa ya njano. Angalia nyuma ya siti ya Coaster yetu, kuna bomba la chuma la kushikilia, juu limevaa kitambaa. Hilo ndo linamsubiri mtoto.

#11 Jirani wa Minneapolis
Upo sahihi kwenye udogo wa basi. Ila na mimi nasimama hapo hapo, ukubwa na ujenzi wa gari unaokoa zaidi ya mkanda. Wakodi basi kubwa.

#12 Baba Ilham
Hivi kwa wale tunaowapakata? Kwenye grupu letu wazazi walijitolea kwenda na watoto ili wawapakate wadogo, tukaona ndo usalama wenyewe. Nilisoma mahali kwamba mtoto wa kilo kumi kwenye ajali anakuwa mzito kama kilo hamsini, mtu mzima mwenye nguvu si anamudu?

#13 Bwana Tarakilishi
Baba Ilham hiyo hesabu ni ndogo mno. Chukua mtoto wa kilo 18, hao wa miaka mitano. Gari linatembea 50 tu kwa saa, linagonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mikono yako inatakiwa izuie nguvu sawa na kubeba kilo kama 250. Robo tani, ghafla, bila kujiandaa. Hakuna baba wa hivyo. Na kama wewe mwenyewe hujafunga mkanda ndo mbaya zaidi maana mwili wako unamfuata nyuma, unambana kati yako na siti ya mbele.

Ukitaka kuona 50 kwa saa ni nini, ni sawa na kuanguka toka ghorofa ya tatu. 80 kwa saa, ambayo ndo mwendo wa barabara ile ya Morogoro, ni kama ghorofa ya nane. Kimahesabu ni hivyo hivyo.

#14 Baba Ilham
Dah. Asante mkuu. Hii naipeleka kwenye grupu leo leo.

#15 binti_mzizima
Mimi ni mpitaji tu nafuatilia, ila mbona nikiwafunga wanangu mkanda wa gari unawapita shingoni na wanalia? Mdogo wangu akaniambia upitishie chini ya kwapa. Ni sawa?

#16 Nesi wa Zamu
Nimetoka zamu. binti_mzizima USIPITISHE chini ya kwapa. Mkanda wa bega ukikaa chini ya kwapa, gari likigonga unabana mbavu, na ndani ya mbavu pale kuna ini na bandama. Mkanda ule umetengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Unatakiwa upite katikati ya bega na kifuani, halafu ule wa chini ulale kwenye mifupa ya nyonga, chini kabisa, karibu na mapaja. Mtoto wa miaka mitano ana kama sentimita 110, mkanda wa chini unampanda tumboni. Tumbo halina mfupa wa kuzuia. Tunaona utumbo umechanika na uti wa mgongo umevunjika kwa mtoto ambaye kwa nje ana mstari mwekundu tu tumboni, huo mstari ukiuona usimpe panadol ukamlaza, mlete hospitali.

Dawa yake ni kumnyanyua. Kuna vile vikalio vya kumkalisha juu ili mkanda umkae sawa. Uingereza sheria inataka hivyo mpaka mtoto afike sentimita 135 au miaka 12, kipi kitangulie. Wa chini ya hapo sana ndo wanakaa kwenye kiti chao chenye mikanda yake, na kichanga anatazama nyuma, na usimweke kichanga siti ya mbele anatazama nyuma kama kuna airbag, ikifumuka inamuua.

Sasa mtaniuliza, je kwenye Coaster yenye mkanda wa kiunoni peke yake? Bora huo kuliko hakuna, maana unamzuia asirushwe nje, na kurushwa nje ndo kunaua. Uvuteni chini kabisa kwenye nyonga, mkaze, na mtoto akae mgongo umegusa siti. Lakini watoto watatu siti mbili, mikanda ni miwili. Wa tatu ni nani? Na wawili wakifungwa mkanda mmoja wanagongana vichwa. Hilo Mama Pacha ndo jibu la swali lako.

#17 Mwana wa Likoni
Habari ya huko majirani. Kwetu Kenya sheria ya trafiki ilirekebishwa 2016, basi ya shule lazima iwe rangi ya njano na iwe na mikanda. Makaratasi ni mazuri. Lakini Agosti 2018 watoto wa shule ya msingi kule Mwingi walikuwa wanatoka Mombasa, ziara kama hii yenu, basi ikaingia mtoni usiku wamekaribia kabisa nyumbani. Watoto kumi wakafa. Kwa hiyo mimi niko na yule Mzee wa Gia, sheria ya mikanda ilikuwepo, kilichowaua ni usiku na uchovu. Kuanzia hapo sisi wazazi wa mtaani kwetu tulikataa kabisa trip ya kurudi giza. Mwalimu mkuu akasema tutachelewa, tukamwambia tafuta pahali pa kulala watoto.

#18 Jirani wa Leicester
Mwana wa Likoni umenikumbusha ya huku Uingereza. Novemba 1993, minibasi ya shule ilikuwa inarudi kutoka London usiku wa manane, watoto walienda kwenye tamasha la muziki. Mwalimu ndiye aliyekuwa anaendesha, baada ya siku nzima ya kazi. Kwenye barabara kuu ya M40 akaligonga gari la matengenezo lililosimama pembeni. Walikufa watoto 12 na mwalimu wao. Ile minibasi ilikuwa na mabenchi ya kukaa mnatazamana ubavu, kama daladala zetu za zamani. Baada ya pale wazazi walipambana mpaka ikaingia sheria ya mikanda kwenye minibasi na mabasi yanayobeba watoto kwa safari za makundi, na siti zote zitazame mbele.

Sasa mimi nasoma kisa hicho hicho nasema ni mikanda, wewe utakisoma utasema ni usiku. Vyote vilikuwepo.

#19 Mzee wa Gia
Hapo kwa Leicester, mwalimu anayeendesha! Nilishaona hilo hata huku, shule inabana matumizi, ticha wa michezo ana leseni anapewa Hiace. Leseni ya gari dogo siyo leseni ya kubeba abiria jamani. Wazazi ombeni muone leseni, daraja C ile ya abiria, siyo D. Dereva anayejiamini hakasiriki ukiiomba.

#20 Ticha wa Kona ya Saba
Naona walimu tunachapwa tu. Naomba niseme upande wetu bila hasira. Mimi ndo huwa naandaa hizi ziara shuleni kwangu. Nikipiga hesabu ya mtoto mmoja siti moja, basi kubwa, kulala Morogoro, mchango unakuwa mara mbili na zaidi. Nikiutangaza, grupu zima linawaka, "mnatufanya ATM", "mwalimu amekula cha juu". Nikishusha kwa kubananisha, kimya, wote wanalipa siku hiyo hiyo. Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza mkanda kabla ya leo nasoma hapa. Naomba mumpongeze Mama Pacha maana ameuliza kabla. Lakini mjue ule utatu kwenye siti mbili umezaliwa kwenye bei ambayo wazazi wenyewe wanaitaka.

#21 Shangazi Mkali
Ticha hapana. Wazazi hatuna utaalamu wa siti, wewe unayeandaa ndo mwenye wajibu wa kusema "kwa bei hii haiwezekani, tunaenda Kijiji cha Makumbusho". Usitupe jiwe kwa mzazi. Kwani hao watoto wa miaka mitano lazima wamwone tembo? Wapeleke Bagamoyo, saa moja na nusu mmefika, Kaole kuna magofu na kuna mamba wanafugwa, mtoto wa awali mamba anamtosha kabisa, saa tisa wako kwa mama zao.

#22 Ticha wa Kona ya Saba
Shangazi Bagamoyo nimewapeleka mwaka juzi, wazazi wakasema kila mwaka ni Bagamoyo tu shule haina ubunifu 😅

#23 Baba Noah
Mimi nina shida na mjadala mzima. Mnapigia kelele ziara ya siku moja kwa mwaka wakati kila asubuhi ya Mungu hao hao watoto wanapandishwa Noah ya siti saba wakiwa kumi na nne, saa kumi na moja alfajiri, giza, wamesinzia, mmoja kakaa kwenye buti juu ya mabegi, wawili mbele kwa dereva. Hapo hakuna anayefungua uzi. Barabara ni zile zile, dereva anakimbizana na kengele ya shule, akishusha hawa anarudi kuchukua kundi la pili. Nikimwambia mke wangu hii Noah imejaa ananiambia hata ya fulani imejaa. Hatari ya mtoto ipo kila siku.

#24 Sinya wa Mbulumbulu
Baba Noah umegusa penyewe. Na Aprili 2024 Arusha mjini gari la shule lilisombwa na mafuriko asubuhi watoto wakiwa ndani wanaenda shule. Hiyo ilikuwa ruti ya kila siku. Mkanda hapo ungesaidia nini? Maji ya korongo unayaona, unageuza gari, unapiga simu kwa wazazi, basi. Mimi nasema ni uamuzi wa dereva na ujasiri wa kumwambia HAPANA. Matroni aliyeko ndani ya gari awe na mamlaka ya kusema simama, sasa hivi matroni ni binti wa watu analipwa kidogo anamwogopa dereva.

#25 Bwana Tarakilishi
Kisheria pia tuna pengo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973. Ilivyoandikwa, mkanda ni wa dereva na abiria wa mbele, kiti cha mtoto hakimo. Wanaharakati wamelipigia kelele hili miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndo zinaongoza kuua watu wa miaka 5 mpaka 29, yani kuanzia hawa mapacha mpaka wahitimu wa chuo. Trafiki akisimamisha Noah ya shule anaangalia stika, bima na leseni, akihesabu vichwa sana sana atatoza faini, gari linaendelea na safari na vichwa vile vile.

#26 Mwajuma Ndala Ndefu
Jamani kuna kitu hamjagusa, kusahaulika ndani ya gari. Mpwa wangu alisinzia siti ya nyuma kabisa ya Hiace, dereva akapaki gari gereji kwenda kunywa chai. Alisikika analia na mafundi. Jua la Dar mnalijua. Shule ikasema tutaongea na dereva, mpaka leo.

#27 Fundi Dula Gerezani
Mwajuma poleni sana. Japani yaliwapata hayo. Septemba 2022 mtoto wa miaka mitatu alisahauliwa kwenye basi la chekechea mji wa Makinohara akafa kwa joto. Kufika Aprili 2023 serikali yao ikalazimisha kila basi la chekechea liwe na kengele. Aina mojawapo inafanya kazi hivi: dereva akizima gari kengele inaanza kulia, na kitufe cha kuizima kiko nyuma kabisa ya basi. Kwa hiyo lazima atembee mpaka siti ya mwisho, akitembea anaangalia. Ni kifaa rahisi sana, king'ora, waya na swichi. Shule ikiniletea gari nakifunga siku moja. Mpaka leo hakuna shule iliyoniuliza.

#28 Kiazi Kitamu
Fundi hiyo ya kitufe nyuma nimeipenda kweli kweli. Mimi ni mbishi ila mtoto kupikwa na jua hapana. Hata bila waya, matroni apewe karatasi ya majina asaini akifika siti ya mwisho.

#29 Mama Pacha wa Goba
Nimewasoma wote, asanteni mno. Mrejesho: leo nimeenda shule kuiona Coaster. Nimeingiza mkono kama Fundi Dula alivyosema, siti ya kwanza mkanda upo, ya pili upo kipande kimoja, cha pili kimekatwa na kisu kabisa unaona nyuzi. Siti za nyuma hakuna kitu, na safu ya mwisho miguu imechomelewa. Nimepiga picha nimeweka grupu la wazazi. Wazazi tisa tumesema watoto wetu hawaendi kwa mpango huo. Wengine wameniandikia faragha kuwa nawaharibia watoto furaha. Mkuu wa shule amesema "atalifanyia kazi" na ziara iko pale pale.

#30 Mzee wa Gia
Mama hongera kwa kwenda mwenyewe. Umetazama na matairi? Yasiwe vipara, na soma zile namba nne ndani ya kiduara ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi la gari la shule halichakai haraka maana linatembea mjini, linazeeka likiwa na kashata bado. Likipelekwa safari ndefu kwenye lami ya moto linapasuka.

#31 Kidege cha Reli
Kwanini msipande SGR mpaka Morogoro? Treni ya umeme imeanza Juni 2024, chini ya masaa mawili mmefika, watoto wanafurahia treni kuliko hata tembo, halafu mnapokelewa na basi la kukodi lenye dereva aliyelala kitandani kwake. Kutoka Morogoro mjini mpaka geti la Mikumi ni kama kilometa mia. Mnapunguza barabara karibu theluthi mbili.

#32 Ticha wa Kona ya Saba
Kidege hii nimeiandika kwenye daftari. Swali, kurudi je? Treni ya jioni ikitupita tunalala stesheni na watoto 80?

#33 Mzee wa Gia
Mnalala Morogoro. Si ndo nasema tangu juzi.

#34 Jirani wa Minneapolis
Na basi la Morogoro liwe kubwa 🙂

#35 Fundi Dula Gerezani
Na miguu ya siti muitazame.

#36 Nesi wa Zamu
Na mkanda chini kwenye nyonga 😀

#37 binti_mzizima
Nesi nimetafuta hivyo vikalio Kariakoo nimeonyeshwa vya mtumba, muuzaji anasema vyote ni original. Nitajuaje? Na gari letu Noah ya zamani, kuna vyuma viwili naviona kati ya mgongo wa siti na kalio vinafanya kazi gani

#38 Fundi Dula Gerezani
Hivyo vyuma ni vya kunasia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye bodi bila kutumia mkanda, kinalia kah! kah! pande mbili. Siyo kila Noah inavyo, bahati yako. Kikalio cha mtumba pindua chini au mgongoni utafute stika ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara, na iandikwe R44/04, au R129. Haina stika, acha. Plastiki ina ufa au imebadilika rangi nyeupe kwenye kona, acha. Muulize kama kilitoka kwenye gari lililopata ajali, atasema hapana, kwa hiyo macho yako ndo yaangalie ufa. Na kabla ya kulipa nenda nacho kwenye gari ukijaribu, vingine havikai siti za Noah.